Taa siyo inayomaliza LUKU yako

Karibu kila nyumba ninayoitwa kukagua umeme naulizwa: "Fundi, mbona uniti zinakwisha upesi na taa tunazima mapema?" Nyumba moja nilikuta watoto watatu wamebanana chini ya balbu moja wakisoma, sebule giza tupu, na bafuni kuna hita ya kuogea ya wati 5,000. Iliniuma. Mama wa watu alikuwa akibana pasipo na cha kubana.

Tukapiga hesabu pamoja. Uniti moja ni kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Balbu ya LED ya wati 9, yenye mwanga kama wa ile ya zamani ya wati 60, ukiiwasha saa tano kila usiku uniti moja inakufikisha siku 22. Sasa oga dakika kumi kwa hita ile: uniti 0.83. Mtu mmoja, kuoga mara moja, amekula taa ya siku 18!

Umeme ukigeuzwa joto ndipo unapoliwa. Hata ile balbu ya zamani iliunguza vidole kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake ilikwenda kwenye joto. Ilikuwa jiko dogo lenye kutoa mwanga kidogo.

Wenzetu wa nchi za baridi wanalijua hili vizuri. Katika Umoja wa Ulaya, zaidi ya nusu ya nishati ya majumbani hupasha vyumba joto tu. Iceland wamejaliwa maji moto ya ardhini, na nyumba takribani tisa kati ya kumi hupashwa kwa hayo. Ila ninaowapenda zaidi ni Wajapani na kotatsu yao: meza fupi yenye hita chini yake, imefunikwa blanketi zito hadi sakafuni. Familia nzima huingiza miguu humo, wakala, wakapiga soga. Joto linabaki walipo watu, chumba wanakiachia baridi yake.

Jikoni kwetu ni vivyo hivyo. Maharage kwenye jiko la koili hula uniti moja na zaidi, maana joto linapotea pembeni na mvuke unatoroka. Jiko la presha la umeme huyaivisha kwa karibu nusu uniti: mvuke umefungiwa, na sufuria imekaa ndani ya ganda linalozuia joto kutoka. Yaloweke usiku, yataiva mapema zaidi.

Yule mama nilimshauri hivi kuhusu kuoga: achemshe birika moja la umeme, lita 1.7, achanganye na maji ya bomba mpaka ndoo ya lita 10 ijae. Yanakuwa vuguvugu ya kutosha mtoto, na hayafiki uniti 0.2. Taa ya sebuleni tuliiwasha siku ileile.