Usiupigilie mwembe misumari: tunayodanganywa kuhusu miti ya matunda ya nyumbani

Ikifika mwezi wa 7 au wa 8 miembe ya Pwani inachanua, na kama wa kwako umenyamaza utapata ushauri hadi uchoke. Mmoja atasema chukua misumari upigilie kwenye shina, mwingine atasema uucharange mapanga, eti mti ukiogopa unazaa.

Tuanzie hapo maana miti mingi inaumia kwa hili. Chakula kinachotengenezwa na majani kinashuka kwenda kwenye mizizi kupitia ganda, ukilijeruhi ganda kile chakula kinabaki juu na kuna wakati mti unachanua kweli, ndo maana imani yenyewe haifi. Ila umeufungulia mlango: fangasi wanaingia kwenye lile kovu, wadudu wanaotoboa shina nao wanaingia, na baada ya misimu kadhaa tawi linaanza kukauka kuanzia nchani na hakuna anayekumbuka habari ya msumari. Mwembe unagoma kwa sababu zake jamani. Labda bado mdogo, au umebanwa na ukuta na kivuli, au unamwagiwa maji na mbolea mwaka mzima kwahiyo unatoa majani tu wakati ulihitaji kiangazi kidogo ndo uchanue. Au mwaka jana ulizaa mpaka matawi yakainama na mwaka huu unapumzika, miembe mingi ndo ilivyo. Baada ya kuvuna punguza matawi ya katikati jua lipenye, toa yaliyokauka, halafu uuache.

"Parachichi ni parachichi, we fukia kokwa." Litaota ndio, na utapata kivuli kizuri sana. Lakini mti wa kokwa haufanani na mama yake, unaweza kula parachichi tamu lenye mafuta ukapanda kokwa lake ukaja kupata la majimaji, na hayo utayajua baada ya miaka 5, 7, wengine hata zaidi ya 10. Mche uliobebeshwa, yaani kijiti cha mti mzuri kimeungwa juu ya shina la mti mwingine, uwe wa aina ya Hass au Fuerte, unaanza kuzaa kwenye mwaka wa 3 au wa 4 na unajua kabisa utakula nini.

Sasa hapo kwenye kubebesha kuna lingine, utasikia mtu analalamika "mchungwa wangu umegeuka mlimao", wengine wanafika mpaka kusema umerogwa. Haujageuka. Michungwa mingi tunayouziwa imebebeshwa juu ya mlimao kwa sababu mlimao una mizizi yenye nguvu, kwahiyo chini ya ile sehemu ya kuungia bado ni mlimao hai, na ukiacha machipukizi ya chini yakue yatakula nguvu yote, mchungwa wa juu utadhoofika na mwisho utakufa. Nenda kauangalie wako leo, inama kabisa, tafuta kile kifundo karibu na ardhi. Chipukizi lolote lililo chini ya kifundo, hasa lenye miiba mirefu, litoe likiwa bado laini.

Mpapai dume nao wanasema ukiukata kichwa unakuwa jike. Ukiukata kichwa unatoa matawi, basi, jinsia ni ileile. Kuna mipapai dume ambayo hali ya hewa ikibadilika inatoa vipapai vichache kwenye vikonyo virefu na watu wanadhani ni lile panga limefanya kazi. Njia ya uhakika ni kupanda miche 3 kwenye shimo moja na kusubiri maua: dume maua yake madogo yananing'inia kwenye vikonyo virefu, jike ua lake ni kubwa na limekaa karibu na shina. Hapo ndo unang'oa usiouhitaji, ukibakiza dume mmoja tu kwenye bustani nzima kwa ajili ya uchavushaji.

Hili la maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani ya mti kuwa viota, ndo linaloniuma kuliko yote. Watu wanawachoma moto, wanawapulizia dawa, eti wanaharibu mwembe. Hebu siku moja simama usogee uangalie wanavyojenga, wanayavuta majani mawili wakiwa wameshikana mstari mzima, wengine wanakuja na watoto wao mdomoni na kuwapitisha huku na huku kwenye ukingo wa majani, maana hao watoto ndo wanaotoa nyuzi za kushonea. Majani ya mwembe hawali. Wanakula wadudu, na Zanzibar inajulikana miaka mingi kwamba mnazi wenye maji moto unapona na wale kunguni wanaofyonza vidafu mpaka vikadondoka. Ni kweli wanalea kidogo vidugamba, vile vidudu vinavyofyonza mti, na wanauma sana, kwahiyo chuma kwa upondo, lakini faida yao ni kubwa kuliko hasara.

Tena hao hao maji moto wanamsumbua nzi wa matunda, yule aliyetoka Asia akaonekana Afrika kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 2003. Wengi wanadhani funza anazaliwa na utamu wa embe likiiva sana. Hapana, nzi jike ametoboa ganda akataga mayai ndani tangu embe likiwa mtini, funza wakishiba wanatoka wanaingia kwenye udongo na kurudi wakiwa nzi. Ukiyaacha yaliyodondoka yaoze chini ya mti unamfugia mwenyewe. Okota kila siku, fukia nusu mita kwenda chini, au yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uuanike juani siku kadhaa.

Samadi mbichi usiilundike kwenye shina, inaunguza. Ioze kwanza, halafu uitandaze usawa wa ncha za matawi.

Tukija kwenye kula, ndimu haikaushi damu. Dada zetu wanakatazwa ndimu wakati ndo inayosaidia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye mchicha na maharage, kinachozuia ni chai ya rangi unayoshushia chakula. Na embe halileti malaria, malaria inaletwa na mbu, ni vile msimu wa maembe na mvua vinakutana.

Kuivisha kwa kabaidi, ile ya gesi ya kuchomelea vyuma, tuache kabisa, inaweza kuwa na mabaki ya sumu ya aseniki na embe linageuka rangi tu huku ndani bado chachu. Subiri embe likomae mtini, mabega yajae mpaka kikonyo kionekane kimezama, lichume na kipande cha kikonyo utomvu usiliunguze ganda, panga kwenye boksi na ndizi mbivu 2 au 3, funika na gazeti, usifungue fungue, na kwenye siku ya 4 hivi harufu yenyewe itakuita.