Dibaga kwenye Linux, Windows na macOS: dhana potofu na ukweli

Msimbo ni uleule, programu imesimamishwa kwenye mstari uleule, lakini dibaga (programu ya kusimamisha programu nyingine na kuchungulia ndani yake ili kusaka makosa) ya Linux inaonyesha hivi na ya Windows inaonyesha vile. Anayeunda zana za kusoma matokeo hayo hukutana na jambo hili mapema, na nimeona siku nzima ikipotea kwa kusaka kosa mahali ambapo halikuwapo.

Dhana: Majibu yakitofautiana, mfumo mmoja umekosea.

La. Chukua aina ya `long` katika lugha ya C. Kwenye Linux na macOS za biti 64 ina baiti 8, kwenye Windows ya biti 64 ina baiti 4. Namba kubwa inayoenea vizuri upande mmoja hukatwa upande wa pili, na kila dibaga imesema kweli kuhusu kilichomo kwenye kumbukumbu. `wchar_t` nayo ni baiti 2 kwenye Windows, baiti 4 kwenye Linux na macOS. Tofauti hizi huzaliwa kwenye kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Dibaga ni mjumbe, na mjumbe hauawi.

Dhana: Ukiona 0xCDCDCDCD, kumbukumbu imeharibika.

Inatisha ukiiona mara ya kwanza kwenye Windows, hasa kama kwenye Linux mahali hapohapo palikuwa na sifuri. Kumbe ni msaada. Programu ikikompailiwa kwa Visual C++ katika hali ya kusaka hitilafu, kumbukumbu mpya ya hipu (eneo ambalo programu huomba nafasi ikiwa inaendeshwa) hujazwa CD, vigeuzi vya ndani ya funksheni ambavyo havijapewa thamani hujazwa CC, na kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa hujazwa DD. Ukiona CD, umesoma kitu kabla ya kukipa thamani. Sifuri ya Linux ilikuwa bahati tu. Kosa lilikuwapo pande zote mbili.

Dhana: Zana isome kile mtu anachokiona kwenye skrini.

Hapa ndipo zana nyingi huumia. Maandishi ya kawaida ya GDB, dibaga inayotumiwa sana kwenye Linux, ni ya macho ya binadamu: hubadilika toleo kwa toleo, na hata hufuata lugha iliyowekwa kwenye kompyuta ikiwa tafsiri yake ipo. Zana inayotafuta neno "Breakpoint" humo inaweza kulikosa kwenye mashine iliyowekwa Kifaransa.

Ndiyo maana GDB ina hali nyingine, `--interpreter=mi`, inayotoa majibu ya kusomwa na programu. Kusimama kwa programu huja kama `*stopped,reason="breakpoint-hit"`, lugha iwe yoyote. Hata huko kuna miiba. Njia ya faili ya Windows huja na `\` mbilimbili, kwa kuwa imeandikwa kwa mtindo wa C, na mstari unaweza kuishia kwa herufi mbili zisizoonekana za kufunga mstari, CR na LF, badala ya LF peke yake. Tena LLDB, dibaga inayotumiwa na Xcode (zana ya Apple ya kuundia programu) kwenye macOS, ina amri na maandishi yake mwenyewe. Kinachoelekea kuzileta pamoja ni DAP (Debug Adapter Protocol), itifaki ya mazungumzo kati ya zana na dibaga iliyoanzishwa na Microsoft: LLDB ina `lldb-dap`, na GDB ilianza kuielewa katika toleo la 14, mwaka 2023. Zana mpya ningeianzishia hapo bila kusita.

Dhana: Anwani ya kumbukumbu ya leo itarudi kesho.

Kwenye GDB ya Linux mara nyingi hurudi kweli, na ndicho kinachoilinda dhana hii. GDB kwa kawaida huzima upangaji nasibu wa anwani kwa programu inayoianzisha yenyewe. Iendeshe programu hiyo nje ya dibaga, au jiunge nayo ikiwa tayari inafanya kazi, utaona anwani nyingine. Kwa hiyo majaribio ya zana yageuze kila anwani kuwa neno moja la kudumu kabla ya kulinganisha matokeo.

Dhana: Ishara namba 10 ni ileile popote.

Ishara ni taarifa ambayo mfumo huipa programu, kwa mfano kosa linapotokea. Namba 10 kwenye Linux ya x86 ni SIGUSR1, kwenye macOS ni SIGBUS. Kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa huitwa SIGSEGV kwenye Linux, LLDB ya macOS husema EXC_BAD_ACCESS, na Windows hutoa 0xC0000005. Zana ihifadhi jina la ishara pamoja na mfumo ilikotoka, isiweke namba peke yake.