Barabara Mpya, Mazoea ya Zamani: Tunavyoendesha Dodoma Wakati Jiji Linajengwa

Lori lenye tela likijikokota kati ya Gairo na Pandambili, kwenye barabara ya Morogoro kuja Dodoma, dereva wa nyuma yake anatazama indiketa. Ikiwaka ya kushoto, mbele kweupe, pita. Ikiwaka ya kulia, tulia, kuna gari linakuja. Usiku indiketa hiyo hiyo ya kulia humwonyesha anayekuja mbele mahali ubavu wa lori unapoishia. Ishara hizi hazikutoka darasani. Zimetokana na barabara yenyewe: njia mbili tu, malori mengi, na dereva asiyeona mbele anayehitaji macho ya mwenzake.

Sasa mchukue dereva huyo huyo umwingize kwenye barabara ya njia nne. Anawasha indiketa ya kushoto kwa sababu anataka kuingia kituo cha mafuta. Wa nyuma, aliyelelewa na barabara ya Morogoro, anaelewa amepewa ruhusa na anakanyaga mafuta. Anawasha ya kulia kwa sababu anahamia njia ya ndani, iliyo karibu na katikati ya barabara. Wa nyuma anadhani anaonywa kuhusu gari linalokuja, ilhali magari yanayokuja yako ng'ambo ya kizuizi cha katikati. Kila mmoja anafanya alichozoea, na hapo ndipo ajali inapoanzia.

Katika kazi yetu ya usalama barabarani, hili ndilo ninalotamani kila anayetumia barabara za Dodoma alielewe. Upana wa barabara, ulaini wa lami na unyoofu wake vinamwongoza dereva muda wote, hata pasipo trafiki wala kibao. Barabara ikibadilika, tabia iliyokuwa inafaa jana inaweza kuua leo.

Na hapa kwetu mabadiliko yamekuja kwa kasi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu 2016, na 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji. Mwaka huo huo zikazinduliwa barabara za lami za kwenda Iringa na Babati. Mji wa Serikali ukaota Mtumba. Mwaka 2022 likawekwa jiwe la msingi la barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3 za njia nne, inayopita maeneo kama Nala, Veyula, Mtumba na Ihumwa, ambako muda si mrefu uliopita njia zilikuwa za mifugo na baiskeli.

Tuanze na mwendo. Kwenye barabara ya vumbi, makorongo na mawe humzuia dereva; asipopunguza, gari linamkumbusha. Lami ikishamwagwa, kizuizi hicho kinaondoka na mguu unashuka wenyewe. Macho nayo hudanganyika. Ukitoka Manyoni kuja Dodoma, uwanda mnyoofu, muda mrefu uko kwenye kilomita 100 kwa saa, ukiteremka hadi 50 unahisi kama gari limesimama. Ndiyo maana wengi huingia Kintinku au Bahi na 70 wakiamini kabisa wamepunguza. Usiamini hisia, tazama mshale wa spidi. Sheria inasema 50 kwenye makazi, na 80 ndiyo mwisho kwa mabasi na magari yanayozidi kilo 3,500 hata nje ya makazi.

Kwa mwendo wa 50, dereva makini mwenye breki nzima, kwenye lami kavu, anahitaji karibu mita 28 kusimama: nusu inaliwa kabla mguu haujagusa breki, nusu ni breki yenyewe. Kwa 80 anahitaji karibu mita 58. Maana yake, pale ambapo gari la 50 limeshasimama, gari la 80 ndiyo kwanza limeanza kupungua. Mvua za kwanza za Desemba zikishuka juu ya vumbi na mafuta ya miezi ya kiangazi, umbali huo unaongezeka zaidi.

Anayetembea kwa miguu naye ana mazoea yake, na yeye ndiye anayenisikitisha zaidi, kwa sababu hakuna chuo kilichomwita kumweleza kwamba barabara imebadilika. Mama wa Ihumwa amevuka barabara ya njia mbili maisha yake yote. Ni mita saba. Kwa mwendo wa kawaida anatumia sekunde sita. Gari la 50 likiwa zaidi ya mita 80 kutoka alipo, atavuka salama, na jicho lake limejifunza kuupima umbali huo bila yeye kuhesabu. Mpe sasa barabara ya njia nne: mita 14 za lami, sekunde 12, na magari ya 80. Kama anavuka yote kwa mkupuo, gari linapaswa kuwa zaidi ya mita 260 kutoka alipo. Lile aliloliona "liko mbali kule" liko karibu mno. Palipo na eneo la kusimama katikati, vuka nusu, simama hapo, tazama upya upande wa pili, kisha malizia. Wazazi wafundisheni watoto hivyo hivyo, tena kwa kuwashika mkono barabarani penyewe.

Dereva, ukiona gari la njia iliyo kando ya yako limesimama kwenye zebra, usilipite. Limesimama kwa sababu kuna mtu anavuka, na wewe humwoni kwa kuwa limemficha.

Kuna tabia nyingine tunayopenda kuiita ukaidi, na mimi nadhani tunawaonea wahusika. Ni bodaboda na bajaji kupita upande usio wao. Barabara ikishawekewa kizuizi katikati, duka lililokuwa mkabala linakuwa mbali, kwa sababu pa kugeuzia pako kilomita moja mbele, pengine mbili. Kijana mwenye abiria anayetoa nauli ya shilingi elfu hawezi kuchoma mafuta ya safari ndefu ili avuke mita 20. Anapita kinyume, pembezoni. Kumkamata ni lazima, maana anaweza kukutana uso kwa uso na basi. Lakini ukimkamata leo na kesho ukakuta wengine kumi mahali pale pale, shida iko kwenye ramani: panahitajika pa kugeuzia karibu zaidi, au barabara ya huduma pembeni. Vivyo hivyo kwa malori yanayong'ang'ania njia ya ndani. Mara nyingi yamekimbia daladala zinazopakia kwenye njia ya nje kwa kukosa kituo cha kuingia.

Wakati wa ujenzi wenyewe usidharauliwe. Kwenye mchepuko watu hujifunza kupita popote penye nafasi, kushoto au kulia, kukwepa vumbi na vifusi. Kisha lami inakamilika kabla ya mistari, vibao na taa, watu wanaanza kuitumia, na mazoea ya mchepuko yanahamia kwenye barabara ya mwendo mkali. Kama mawe au mapipa ya mkandarasi bado yapo, usiyasogeze upite. Bodaboda anayekufuata gizani atadhani njia imefunguliwa.

Kwenye kipilefti, ambazo Dodoma tunazo nyingi, gari lililokwisha kuingia ndilo lenye haki. Wewe unayeingia, tazama kulia na usubiri.

Mwisho, wakazi wa mitaa inayopitiwa na ujenzi, mnajua kitu ambacho mhandisi mgeni hakijui: watoto wanavukia wapi kwenda shule, ng'ombe wanapita wapi siku ya mnada, bodaboda wanaegesha wapi. Kabla kazi haijakamilika, pelekeni maelezo hayo kwa mwenyekiti wa mtaa kwa maandishi, yakitaja mahali na saa, naye ayafikishe TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa, au TARURA, wakala wa barabara za mitaa na vijijini. Kuhamisha zebra au kivuko cha mifugo kwenye mchoro ni kazi ndogo kuliko kuvunja lami iliyokwisha kumwagwa.