Jicho Limeachwa Wapi: Kurudia James Bond Tangu Mwanzo na Wenzangu

Kuna dakika chache ndani ya filamu ya From Russia with Love ambapo sebule yangu yote huacha kutafuna. Bisi zinabaki viganjani, soda haishuki, na hata yule dada anayejua kila kitakachotokea, maana anaiona kwa mara ya sita, anasogea hadi ukingoni mwa kochi. James Bond, yule jasusi wa Uingereza, na muuaji aliyetumwa kummaliza wamo ndani ya chumba kimoja cha treni, waigizaji wakiwa Sean Connery na Robert Shaw, wamebanana kama nguo ndani ya sanduku. Taa imekwisha kuvunjika, umebaki mwanga hafifu wa bluu. Muziki hakuna hata kidogo. Kinachosikika ni magurudumu ya treni, vishindo na pumzi za watu wawili wanaotaka kuuana.

Mimi ni mhariri wa filamu. Kutwa nzima nimekaa mbele ya skrini mbili nikiamua shoti hii, yaani kipande hiki cha picha kisichokatwa, iishie wapi na ile ianzie wapi. Tangu mwanzoni mwa mwaka, kila Ijumaa usiku tunakutana kwangu kurudia filamu za James Bond kwa mpangilio wa miaka, kuanzia Dr. No ya 1962 hadi No Time to Die ya 2021, zote 25 za kampuni ya Eon. Wenzangu wanatazama filamu. Mimi nusu ya muda nawatazama wao, kwa sababu hakuna shule ya uhariri iliyowahi kunifundisha kama nyuso za watu wanaorudia filamu wanayoipenda.

Anayetazama kwa mara ya kwanza anafuata kisa: nani kamsaliti nani, bomu liko wapi. Anayerudia anakijua kisa chote, hana cha kusubiri. Akishtuka tena palepale aliposhtuka mwaka jana, ujue kilichomshtua si habari. Ni namna picha zilivyopangwa, na mpangilio huo una mwenyewe.

Jina lake ni Peter Hunt. Alikuwa Mwingereza, ndiye aliyehariri Dr. No, From Russia with Love na Goldfinger, akaendelea kusimamia uhariri kwenye Thunderball na You Only Live Twice, kisha mwaka 1969 akapewa kiti cha mwongozaji katika On Her Majesty's Secret Service. Watu wanamkumbuka Connery, wanakumbuka suti na gari. Mimi naona kwamba mfululizo huu umebadilisha waigizaji wakuu sita na bado ukabaki vilevile kwa sababu mapigo ya moyo wake yalipangwa na Hunt mezani.

Zamani hizo filamu nyingi zilikuwa na adabu kubwa kwa mtazamaji. Mtu akitaka kutoka ofisini tunamwona anainuka, anatembea, anashika kitasa, anafungua, anafunga, anashuka ngazi, anaingia garini. Hunt aliyatupa hayo. Bond anaambiwa aende Jamaika, na mara yupo Jamaika. Vijana wetu wa Ijumaa hawaoni ajabu yoyote hapo, kwa kuwa tangu wazaliwe wanatazama kazi za watu waliomwiga. Yule mzee wetu ndiye aliyeniambia kwamba Dr. No ilipofika mjini, watu walitoka ukumbini wakisema imewaacha na kiu.

Mzee huyu niwaeleze kidogo. Ujana wake wote aliendesha projekta katika moja ya kumbi za sinema za Dar es Salaam. Filamu ilikuja kwa marili, yaani magurudumu yaliyoviringishiwa mkanda, kila rili kubwa la futi 2,000 likichukua kama dakika 20. Rili likikaribia kwisha, nukta ndogo ya duara hujitokeza kwenye kona ya juu kulia ya picha, hapo unawasha mota ya projekta ya pili; nukta ya pili ikitokea, unabadilisha. Nakala tunazotazama sisi zimesafishwa, nukta hazipo. Lakini kila baada ya muda fulani namwona anainua macho kwenye ile kona.

"Babu, unatafuta nini kule juu?" kijana mmoja alimuuliza.

"Nukta, mjukuu wangu. Nisipoiona nahisi nimechelewa."

Turudi ndani ya treni. Filamu hupita fremu 24, yaani picha tuli 24, kwa sekunde. Ngumi inaanza kurushwa katika shoti ya kwanza, inatua katika shoti ya pili, na pale katikati mhariri anachomoa fremu mbili au tatu. Fremu tatu ni sehemu moja ya nane ya sekunde. Jicho halipati nafasi ya kulalamika, linaliziba pengo lenyewe, na kwa kuwa limeliziba lenyewe linahisi ngumi nzito kuliko iliyopigwa. Leo mimi nafanya hivyo kwa kubonyeza kitufe, na nikikosea narudisha. Hunt alikuwa na mkanda wenyewe vidoleni, anakata, anaunganisha, anapitisha kwenye mashine, akiona fremu moja imezidi anafungua kiungo na kuanza upya.

Ila kasi peke yake haimfanyi mtu aache kutafuna. Siri iko kwenye swali ambalo mhariri yeyote anapaswa kujiuliza kabla ya kukata: jicho la mtazamaji nimeliacha wapi? Kama mwishoni mwa shoti hii macho yote yapo kwenye mkono wa Shaw upande wa kushoto wa skrini, basi shoti inayofuata ianze na kitu cha kutazama hapohapo kushoto. Ukifanya hivyo unaweza kukata mara kumi ndani ya sekunde chache na hakuna atakayepotea. Mle ndani ya treni muda wote unajua dirisha liko upande gani, mlango uko upande gani, nani yupo juu na nani yupo chini. Niliwajaribu wenzangu: nikasimamisha picha katikati ya mapigano na kuwaambia wafumbe macho wanionyeshe mlango. Wote walinyoosha kidole upande mmoja.

Sasa linganisha na Quantum of Solace ya 2008. Inaanza na magari yakifukuzana kando ya Ziwa Garda, Italia, mikato inaanguka kama mvua ya masika. Wiki ile, kabla ya dakika tano kwisha, watu wawili walikuwa wameshika simu zao na mmoja akauliza, "Lile lililoanguka ni la nani?" Swali hilo linaniuma kama mhariri. Waliofanya kazi ile ni mafundi hodari, na shoti nyingi ukizitazama mojamoja ni nzuri sana. Lakini jicho linaachwa kulia, kitu kinatokea kushoto. Likikimbilia kushoto, kitu kimeshahamia katikati. Mwili unachoka na kuacha kufuatilia. Filamu yenyewe ndiyo fupi kuliko zote, dakika 106, na sebuleni kwangu ilionekana ndefu kuliko nyingi zilizoitangulia.

Goldfinger ilituletea jambo la aina nyingine. Bomu linakaribia kulipuka ndani ya Fort Knox, ghala la dhahabu la Marekani, tarakimu zinashuka, mtu anafika na kulizima, saa inasimama kwenye 007, namba ya siri ya Bond. Kelele na makofi. Halafu Bond anasema yalibaki mapigo matatu tu ya saa. Mara ya kwanza hakuna anayegundua. Safari hii binti mmoja, mwanafunzi wa uhasibu, akapaza sauti: "Matatu vipi na pale imeandikwa saba?"

Nilifurahi mno, tukairudisha mara tatu. Jibu ni kwamba walipopiga picha saa ilisimama kwenye 003, na maneno ya Bond yakaandikwa kufuata hiyo. Baadaye ikaonekana 007 itapendeza zaidi, ikapigwa shoti mpya ya saa na kupachikwa. Shoti ya saa ni rahisi kubadilisha kwa sababu saa haina mdomo wala uso. Sentensi ya mwigizaji ni jambo jingine, hivyo ikabaki ilivyorekodiwa. Zaidi ya miaka 60 imepita na kovu la mkasi bado lipo.

Kovu jingine liko kwenye Diamonds Are Forever ya 1971. Ford Mustang ya Bond inaingia kwenye kichochoro chembamba kwa magurudumu mawili, imeinamia upande mmoja, na inapotoka upande wa pili imeinamia kinyume. Jamaa yetu dereva wa malori ndiye aliyeliona kwanza, hata kabla yangu. Kati ya shoti hizo mbili wahariri walipachika kipande kifupi cha ndani ya gari, Bond na mwenzake wanayumba kutoka upande huu kwenda ule, ili tuamini kwamba gari limejigeuza mle kichochoroni. Dereva hakuamini. Wengine wote waliamini.

Kuna sehemu moja huwa naumia nikiikaribia. Mwaka 1974, kwa ajili ya The Man with the Golden Gun, gari aina ya AMC Hornet lilirushwa juu ya daraja lililovunjika huko Thailand, likajizungusha hewani mzunguko mzima na kutua kwa magurudumu yake. Hesabu za mruko ule zilipigwa kwanza kwa kompyuta nchini Marekani, jambo geni kabisa kwa sinema za wakati ule, na dereva, Bumps Willert, aliruka mara moja tu ikatosha. Halafu juu ya shoti ile pakawekwa mlio wa filimbi ya kuteleza, ile ya kwenye katuni. Sebule nzima iliguna kwa pamoja, na sijawahi kuirudia filamu hiyo na watu wasigune. Mtunzi wa muziki mwenyewe, John Barry, baadaye alijutia filimbi ile. Mtu amehatarisha uhai wake kikwelikweli, na sauti inamwambia mtazamaji kwamba ni mchezo.

Miaka mitatu baadaye, The Spy Who Loved Me ikatibu kidonda hicho. Bond anateleza kwa ski juu ya theluji, anafukuzwa, muziki wa disko unanguruma, ukingo wa mlima unakuja, naye hapunguzi mwendo. Anaruka. Muziki unakatika. Unabaki upepo, na mwili mdogo wa binadamu unaoanguka mbali na ukuta mkubwa wa jiwe. Aliyeruka kweli ni Rick Sylvester, kutoka Mlima Asgard katika Kisiwa cha Baffin, Kanada, mwezi Julai 1976. Kamera zilikuwa zaidi ya moja, na iliyomnasa sawasawa ni moja. Ukitazama kwa makini utaona ski aliyoivua ikigonga parashuti inapofunguka, ingeweza kumuua. Aliyesimamia shoti ile na kuihariri filamu ni John Glen, ambaye ndiye alikuwa mhariri wa Hunt kule 1969 na baadaye akaja kuongoza filamu tano za mfululizo huu. Glen alikuwa na shoti moja ndefu na akili ya kutoikata. Wenzangu hunyamaza pamoja na muziki, kisha parashuti yenye bendera ya Uingereza inafunguka, wimbo wa Bond unaingia, na watu wazima wanasimama kushangilia kana kwamba Taifa Stars wamefunga.

Kwenye Casino Royale ya 2006 rafiki yetu mmoja kutoka Uganda alituomba tupunguze sauti acheke vizuri. Skrini imeandikwa Mbale, Uganda, mvua inanyesha kwenye kambi ya waasi, naye akatazama miti ile kwa sekunde mbili tu akasema, "Kwetu hakuna miti hii." Ni kweli. Sehemu ile ilipigwa Black Park, Uingereza, msitu ulio jirani na studio za Pinewood. Maandishi yakisema Mbale, walimwengu wote wanaona Mbale, isipokuwa watu wa Mbale.

Kisha No Time to Die. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulifundishwa sheria moja: steringi hafi. Anapigwa, anafungwa kamba, anatupwa mtoni, lakini hafi. Filamu hii ya dakika 163 ilimuua. Wote tulilijua hilo, wote tulikwisha kuiona, na bado makombora yalipoanza kuanguka mwanafunzi wa uhasibu alinong'ona, "Labda safari hii ataruka." Alilisema kwa dhati.

On Her Majesty's Secret Service nimeiacha kwa mwisho. Mwanzoni mwake, kwenye mapigano ya ufukweni, Hunt anakata kwa ukali ambao hata leo unashangaza. Kuna mahali shoti inajiruka yenyewe mbele, mtu yuko hapa na mara yuko pale. Mwishoni Bond, safari hii akiwa George Lazenby, ametoka kufunga ndoa na Tracy, anayechezwa na Diana Rigg. Wanasimamisha gari kando ya barabara kutoa maua yaliyolipamba. Gari jingine linapita, risasi zinamiminika. Bond anarudi kwenye usukani na kumkuta mkewe amekufa. Askari wa barabarani anakuja, na Bond anamwambia kwamba mke wake anapumzika tu, hakuna haraka, wana muda wote duniani. Hunt ana mkasi mkononi na hautumii. Anamwacha Bond amemkumbatia mkewe, anatuacha hapo mpaka tunatamani kugeuza uso, halafu anatuonyesha kioo cha mbele na tundu la risasi.

Usiku ule hakuna aliyegusa bisi. Niliinuka kwenda kuwasha taa. Mzee wetu aliinua macho kwenye kona ya juu kulia, akasubiri kidogo, kisha akaniambia, "Iache gizani kwanza, mwanangu."