Baiti 18 za mwanzo: faili la SYS kwenye MS-DOS

Ukilifungua faili la ANSI.SYS, draiva ya skrini na kibodi ya MS-DOS (mfumo endeshi wa zamani wa Microsoft), kwa programu inayoonyesha baiti, unakutana kwanza na FF FF FF FF. Zile herufi MZ zinazotangulia mafaili ya EXE hazimo. Draiva (programu inayouunganisha mfumo na kifaa) ya zama hizo ni msimbo mtupu wa mashine, unaopakiwa kwenye kumbukumbu jinsi ulivyo, wenye kichwa cha baiti 18 tu.

Toleo la 2.0, la mwaka 1983, ndilo lililoleta mstari wa DEVICE= ndani ya CONFIG.SYS, faili la mipangilio linalosomwa mashine inapowaka. Kabla yake draiva zilikaa ndani ya mfumo wenyewe. Kwa IBM zilikuwa kwenye IBMBIO.COM, na mwenye kifaa kipya alilazimika kuuchokonoa mfumo.

Baiti 4 za kwanza za kichwa ni anwani ya draiva inayofuata. Zikiwa FF tupu, faili halina nyingine. Baiti 2 ni za sifa: biti ya 15 ikiwa 1, kifaa hupitisha herufi mojamoja kama kibodi, ikiwa 0, husoma kwa mafungu kama diski. Kisha anwani za taratibu mbili, na baiti 8 za jina. Diski hazina jina, kwa hiyo hapo hukaa idadi ya diski ambazo draiva inazihudumia.

Mbona taratibu mbili? Ya kwanza huhifadhi anwani ya ombi, ya pili hulitekeleza. Mpangilio huo ungefaa mfumo wenye foleni ya maombi, lakini DOS huziita papo kwa papo, moja baada ya nyingine. Kwangu mimi ni ngazi iliyojengwa kwa ghorofa ambayo haikujengwa kamwe.

Ninachokipenda zaidi ni uanzishaji. DOS hutuma amri namba 0, na draiva hujibu kwa kutaja inapoishia kwenye kumbukumbu. Mwandishi mjanja huuweka msimbo wa maandalizi mwishoni, akautumia mara moja, kisha akataja mpaka ulio kabla yake. Nafasi ile DOS inaichukua tena. Kwenye KB 640, kikomo cha kumbukumbu ya kawaida ya DOS, hilo halikuwa jambo dogo.

Draiva mpya huingia kwenye mlolongo mara tu baada ya NUL, kifaa tupu cha DOS kinachokaa mwanzoni. ANSI.SYS hujiita CON, jina la skrini na kibodi, basi DOS ikitafuta CON huikuta hiyo kwanza. Ile ya asili ipo palepale, imetanguliwa tu.

Kiambishi cha jina la faili, kama SYS au EXE, hakithibitishi kitu. EMM386.EXE ni draiva yenye MZ, na SYS za Windows NT zina muundo wa PE, ule wa programu za Windows. COUNTRY.SYS sasa, hiyo si draiva kabisa: ni data za tarehe na sarafu za nchi. Kichwa cha draiva hakina alama yoyote ya utambulisho, na mwongozo wa MS-DOS ulionya kwamba ukiliweka faili la COUNTRY.SYS kwenye DEVICE=, mashine itaganda. Mstari wake ni COUNTRY=.