Hiner Saleem: Mkurdi aliyeibeba lugha yake hadi kwenye sinema ya Ulaya

Hiner Saleem, mwongozaji wa filamu, alizaliwa mwaka 1964 huko Akre, mji wa milimani kaskazini mwa Iraq. Baba yake alikuwa akituma na kupokea ujumbe wa redio kwa ajili ya Jenerali Mustafa Barzani, aliyeongoza mapambano ya Wakurdi, jamii isiyo na nchi yake iliyoenea Iraq, Iran, Uturuki na Syria, dhidi ya serikali ya Baghdad. Machi 1975 Iraq na Iran zilipatana mjini Algiers. Iran ikawaondolea wapiganaji wa Kikurdi msaada wake na mapambano yakasambaratika. Familia nyingi, ya Saleem ikiwemo, zikakimbilia Iran.

Anayetaka kuzielewa filamu zake aanzie hapo. Katika kumbukumbu za utotoni alizochapisha Ufaransa mwaka 2004, Saleem anasimulia alivyoiona televisheni kwa mara ya kwanza na kukuta inazungumza Kiarabu tu. Akaazimia kwamba siku moja ataifanya izungumze Kikurdi.

Alipofika miaka 17 aliukimbia utawala wa Saddam Hussein, akaishi Italia, kisha akahamia Ufaransa. Wasifu wa wahamiaji huandikwa mara nyingi kana kwamba maisha yao yalianza siku walipotia mguu Ulaya. Kwa Saleem hilo si kweli kabisa: Ulaya ilimpa nyenzo za kazi, lakini hadithi alikuwa nazo tayari. Baada ya Vita vya Ghuba vya 1991 alirekodi kwa siri hali ya Wakurdi wa Iraq, na picha hizo zikaonyeshwa kwenye Tamasha la Filamu la Venice.

Filamu iliyomtambulisha zaidi ni Vodka Lemon ya mwaka 2003, iliyotuzwa hukohuko Venice. Kisa chake kiko Armenia, katika kijiji cha Wakurdi wa Yazidi, yaani wafuasi wa dini ya kale ya Kiyazidi, kilichofunikwa na theluji baada ya Muungano wa Sovieti kuvunjika. Mzee mjane, ambaye amebaki kuuza samani zake moja baada ya nyingine, anakutana makaburini na mwanamke aliyefiwa na mumewe. Umaskini ni mkali, lakini watu wale wanacheka na kupendana. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi yake bora, kwa kuwa haiwaombei Wakurdi huruma.

Mwaka 2005, filamu yake Kilomètre Zéro ilishindanishwa katika Tamasha la Filamu la Cannes, Ufaransa. Humo, askari Mkurdi na dereva Mwarabu, wasiopendana hata kidogo, wanasafirisha jeneza la mwanajeshi mwaka 1988, wakati wa vita vya Iraq na Iran.

My Sweet Pepper Land ya mwaka 2013 inageukia nyumbani. Saddam ameshaanguka, Wakurdi wana serikali yao ya jimbo ndani ya Iraq, na mpiganaji wa zamani anapelekwa kuwa polisi mpakani. Anayemkabili sasa ni mbabe wa kijiji, Mkurdi mwenzake, huku mwalimu wa kike akibanwa na kaka zake mwenyewe.