Je, wajua kwa nini kamera ya laptopu hupofuka na laptopu yenyewe bado nzima?

Mpwa wangu alikuja Ijumaa baada ya alasiri, laptopu kaikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa, hata shikamoo aliitoa mbio mbio. "Mjomba, laptopu yangu imepofuka." Jumatatu ana intavyuu ya kazi, ya video, na kila akifungua programu ya kamera anaona weusi mtupu na maneno kwamba hakuna kamera iliyounganishwa. Kibodi nzima, spika nzima, waifai yashika, skrini haina hata ufa. Fundi mmoja huko bara alishamwambia ati madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa, alete elfu kumi na nane.

Mimi hapa Langoni, Amu (kisiwa cha Lamu), nina kimeza changu cha simu na laptopu, na kesi hii ya kamera naletewa mno, kwa hivyo acha niiseme yote mara moja tuishe. Maana swali lenyewe ni zuri: inakuwaje kamera ife peke yake na kila kitu kingine kiko sawa?

Jibu liko mahali inapokaa na njia inayopita. Watu wadhani kamera ni sehemu ya laptopu kama jicho lilivyo sehemu ya kichwa, kumbe sivyo, ile kamera ya juu ya skrini kwa laptopu nyingi ni kifaa cha USB, sawasawa na flashi au mausi unayochomeka ubavuni, tofauti ni kwamba hii waliichomekea ndani kiwandani wakaiziba na plastiki. Ni kibao chembamba, urefu wa kidole hivi, lenzi yake ndogo kama punje ya mtama, pembeni kijitaa, na mara nyingi maikrofoni iko hapo hapo (ndiyo maana kuna wanaokuja na malalamiko mawili, sionekani na sisikiki, na ugonjwa ni mmoja). Kutoka kwenye kibao hicho washuka waya mwembamba pembeni mwa skrini, wapita ndani ya bawaba ya kifuniko, ndipo ufike kwenye madabodi. Yaani ni mgeni aliyekaa ghorofani, na ngazi ni moja tu.

Na ugeni huo wa tangu mwanzo. Kamera ya kwanza ya namna hii, ya kurusha picha kwenye kompyuta, iliwekwa mwaka 1991 kwenye maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ikaelekezwa kwenye birika la kahawa, ili walio vyumba vya mbali wajue kama kahawa imebaki kabla hawajajisumbua na ngazi bure. Picha yake nukta 128 kwa 128, haina rangi. Watu wa Amu nyinyi, na ngazi zenu za majumbani, mtaielewa shida hiyo kuliko mtu yeyote.

Haya, turudi kwa mgonjwa. Kabla hujagusa bisibisi, kabla hujadownload kitu, jiulize swali moja tu: je, laptopu yenyewe yajua kuwa ina kamera? Usiangalie WhatsApp, usiangalie Zoom, hao wapewa habari tu. Kwenye Windows bonyeza kulia ile alama ya Windows, fungua Device Manager, tafuta palipoandikwa Cameras, kwa Windows za zamani ni Imaging devices. Utapata moja kati ya hali tatu, na kila moja ina njia yake.

Hali ya kwanza, kamera ipo, jina lake limekaa vizuri, hakuna alama ya njano. Hapo waya ni mzima, weka bisibisi chini. Angalia kwanza kile kipazia cha plastiki juu ya lenzi, na usicheke, wamekuja watu hapa wamevuka bahari na laptopu na nikavuta kipazia kwa ukucha. Kipazia kikifungwa kamera yaendelea kufanya kazi, taa yawaka, picha ni nyeusi tu. Halafu tafuta kwenye mstari wa vitufe vya F kilichochorwa kamera yenye mkato, au swichi ndogo ubavuni, hii ni tofauti na kipazia kwa sababu kwa laptopu nyingine yakata kamera kabisa hata jina likapotea kwenye orodha, na mtu akadhani kifaa kimekufa kumbe kimezimwa na kidole cha mtoto. Kisha ingia kwenye mipangilio ya Windows, upande wa faragha, uone kama kamera imeruhusiwa, na ushuke chini mpaka ile ruhusa ya programu za kawaida za mezani maana wengi wawasha ya juu wakasahau ya chini. Kwenye brauza kila tovuti ina ruhusa yake, gusa kialama kando ya anwani. Na kama namba unayoonyeshwa ni 0xA00F4243, hiyo yasema kamera imeshikwa na programu nyingine, funga zote ujaribu tena. Antivairasi nazo kuna zinazozuia kamera kimya kimya.

Jambo moja hapa lanikera. Vijana wakiona kamera haifanyi kazi mbio kutafuta draiva, ile programu ya kuiwezesha kompyuta kusemezana na kifaa, kwenye mitandao isiyojulikana, wajiletea virusi. Tangu 2003 kuna kanuni moja ya kamera za USB yaitwa UVC, na Windows yenyewe imebeba draiva yake tangu enzi za XP. Kwa hivyo mara nyingi ukiifuta kamera pale kwenye Device Manager kisha ukawasha upya, inajiweka yenyewe. Ikigoma, ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, basi.

Hali ya pili, kamera haipo kabisa, na namba ni 0xA00F4244. Hali ya tatu, kamera haipo kwa jina lake lakini chini kwenye orodha ya USB kuna kifaa kisichojulikana chenye alama ya njano, ukikifungua wakuta kodi 43, yaani namba ya kosa. Hizi mbili zafanana kwa macho, maana kote huna picha, lakini ndani ni vitu viwili, na hapa ndipo napapenda mimi.

Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne: moja ya umeme, moja ya kurudisha umeme, na mbili za mazungumzo, zaitwa D+ na D-. Kifaa cha USB kikipata umeme hakianzi kusema hivi hivi, kwanza chapiga hodi. Hodi yake ni kuinua umeme kidogo kwenye ule waya wa D+ kupitia rezista (kijidude cha kubana umeme) ya kilo-ohmu 1.5, na kompyuta ikiona D+ imeinuka ndipo yajua mlangoni pana mtu. Yajibu karibu, yauliza, wewe nani? Hapo kifaa chajibu kwa nyaya zote mbili, D+ na D-, chataja jina lake na kazi yake.

Sasa fikiria waya umekatika. Ukikatika wa umeme, au wa D+, hodi haisikiki, kompyuta haiwezi kumfungulia asiyebisha, kwa hivyo kamera haipo kabisa. Lakini ukikatika D- peke yake, hodi imesikika, karibu imetolewa, mgeni akiulizwa jina ajibu nusu nusu haeleweki, na kompyuta ikichoka kuuliza yaandika kodi 43. Si kila kodi 43 ni waya, hata kibao cha kamera chaweza kuharibika kikatoa hiyo hiyo, ila ukiiona jua angalau kuna mtu mlangoni.

Kama bado una shaka ni programu au ni kifaa, weka Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi, washa laptopu kutoka kwenye flashi bila kuiingiza ndani, fungua pale pa kuandika amri uandike lsusb. Yakuorodheshea vifaa vyote vya USB. Kama kamera haionekani na huko, na haijazimwa kwa swichi wala kwenye BIOS (mipangilio ya laptopu kabla Windows haijawaka), basi Windows haina kosa, waache watu wa Windows wapumzike.

Ya mpwa wangu haikuonekana Windows wala Ubuntu. Lakini alisema neno moja ambalo ndilo lililonipa ugonjwa wote. Akasema, "Ila mjomba, usiku nikiwa nimelala kitandani huwa yafanya." Nikamuuliza walalaje? Akanionyesha, kifuniko amekisukuma nyuma mpaka mwisho. Nikaweka laptopu mezani, Device Manager wazi, nikaanza kuinua kifuniko polepole kama mtu afunguaye chungu cha mtu mwingine. Kikiwa wima, kimya. Nikaendelea, kikainama nyuma, ting! ule mlio wa kifaa kuchomekwa, kamera ikatokea kwenye orodha. Nikarudisha kidogo, mlio wa kuchomoka, ikapotea. Basi madabodi ya elfu kumi na nane ilikuwa ni waya kwenye bawaba.

Na wala si ajabu. Mtu akifungua na kufunga laptopu mara kumi kwa siku, miaka mitatu ni zaidi ya mara elfu kumi, na kila mara nyaya zile zapindwa mahali pale pale, na zenyewe ni nyembamba kushinda uzi wa kofia ya vito. Sisi wa visiwani tuna jingine juu yake, chumvi. Mpwa wangu avuka bahari kwenda Mokowe, upande wa bara, kila wiki, laptopu ndani ya mkoba, mkoba chini ya miguu, na kusi likichachamaa maji yaruka mpaka ndani ya boti. Hata asiyevuka, madirisha yote yaelekea bahari. Chumvi ikikaa kwenye chuma haikai kavu, unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi chumvi ya kawaida huanza kuunyonya mpaka yajigeuza maji, na maji ya chumvi pamoja na umeme ndio ugonjwa, ile pini yenye umeme ndiyo huliwa mbele.

Nikazima, nikafungua chini nikachomoa betri kwanza, hilo usiliruke. Fremu ya skrini nikaitoa kwa kadi ya zamani ya benki, wapitisha ukingoni wasikia tak, tak, tak, vile vimeno vikiachia mmoja mmoja, usichokoe kwa bisibisi wala usiegemee kioo. (Laptopu za kugusa skrini, zile kioo kimejaa mpaka ukingoni, ni gundi tupu, mimi mwenyewe naziogopa, usijifunzie hapo.) Nyuma ya kamera, kwenye kile kisoketi, palikuwa na ukungu wa kijani, shaba iliyoliwa. Nikausugua kwa mswaki na spiriti safi ya kusafishia vifaa, si maji, wala si mafuta ya taa kama nilivyoona wengine. Kikang'aa. Nikajaribu, bado.

Nikachukua mita ya kupimia umeme, nikaiweka kwenye ule mlio wa pii, ncha moja juu kwenye kamera, nyingine chini upande wa madabodi, waya mmoja mmoja huku mpwa wangu achezesha kifuniko. Wa kwanza pii muda wote. Wa pili pii. Wa tatu ukalia kifuniko kikiwa nyuma, kikisimama wima ukanyamaza. D+ huyo, yule wa hodi.

Dawa halisi ni kubadilisha waya mzima, lakini waya waagizwa Mombasa na intavyuu ni Jumatatu. Nikavusha kipande kipya cha waya kutoka juu ya bawaba mpaka chini yake, viungo vyote viwili vikae mbali na mpindo, maana ukiunga waya pale pale ulipokatikia utarudi kwangu baada ya mwezi. Zile mbili za mazungumzo nikazisokota pamoja kama zilivyokuwa, zapitisha biti milioni 480 kwa sekunde, ukiziacha zinaning'inia ovyo picha yaanza kukatika. Na kwa wanaotaka kubadilisha kibao cha kamera chenyewe, pima umeme kwanza, kuna vya volti 5 na kuna vya 3.3, na rangi za nyaya ndani ya laptopu usiziamini. Nilishachoma kimoja kwa kuamini nyekundu.

Kama yote hayo yakukinaisha, nunua kamera ya nje uichomeke, au tumia simu, maana baadhi ya simu za Android 14 kuendelea zachomekwa kwa waya na kompyuta ikaziona kama kamera.

Tukawasha. Kifuniko wima, nyuma, nusu, kila mahali picha imekaa, pua yangu imejaa skrini na juu yake boriti za dari. Mpwa wangu akacheka, halafu akauliza kama aweza kuibandika kistika asichunguliwe, kwa vile hata Zuckerberg wa Facebook mwaka 2016 alionekana kwenye picha laptopu yake ina tepu kwenye kamera. Nikamwambia gundi hapana, itaacha ukungu kwenye lenzi uniletee tena, na kile kifuniko kinene cha plastiki cha kubandika juu ya kamera pia hapana, ukifunga laptopu chasukuma kioo, Apple wenyewe 2020 walionya kisizidi unene wa milimita 0.1. Nikachana kipande cha karatasi ya daftari, nikakikunja juu ya ukingo wa skrini kama kofia, akaenda zake.